Mgomba Katika Kaburi la Jethro

Panga la Esnah lilikuwa bado hewani. Ndivyo tulivyomwacha juma lililopita, katikati ya migomba, na mkono wake, maskini, umechoka kwa kutusubiri.

"Shusha panga, Esnah," alisema yule mtu aliyejikunyata kwenye majani makavu. "Au piga yaishe. Lakini usinitazame hivyo."

Sauti ilikuwa ya Jethro Onsongo. Na Jethro Onsongo, kwa msomaji anayeingia leo na miguu ya matope, ni mume wa Esnah, mwalimu wa shule ya misheni huku juu ya Nyacheki, na ni marehemu. Kaburi lake liko pale mlimani, upande wa kulia wa nyumba, na Esnah amelipalilia kwa mikono yake tangu mavuno ya mwaka jana.

Kosa la Jethro lilikuwa swali. Bwana DC, mkuu wa wilaya, aliita baraza akatangaza kwamba serikali imekata shauri: kilima chote cha Nyamotenga kitakuwa kitalu cha miche ya chai na kambi ya DO, msaidizi wake, na wenye kilima watapewa mahali pengine kule bondeni, kwenye mawe na mbu. Hakuuliza mtu. Jethro akasimama, akavua kofia, akasema kwa adabu zote: "Bwana, na makaburi yetu yatapanda lori gani?"

Watu wakacheka. Serikali ya Mwingereza ilizoea kuchukiwa, lakini kuchekwa haikuzoea. Amri ya kumpeleka Jethro uhamishoni, kaskazini kule ambako hata ngamia hulalamika kiu, ilitoka kabla vumbi la baraza halijatulia.

Askari walipomfuata, alikimbia. Koti lake lilionekana kwenye ukingo wa mto Gucha, na mto ulikuwa umefurika. Mwili haukuonekana. Basi ukoo ukafanya kama ulivyofanya siku zote kwa mtu aliyechukuliwa na maji: shina la mgomba lilikatwa kwa kimo chake, likavishwa suruali yake ya kanisani, likaliliwa, likazikwa. Mchungaji alisema yeye haombei mgomba, akakaa pembeni na mwavuli wake. Chakula cha matanga, hata hivyo, hakukikataa.

Na sasa huyu hapa, marehemu, anapiga chafya.

"Siku ya ndoa yetu," alisema Esnah, panga bado juu, "mchungaji alikosea nini?"

"Alikuita Drusilla."

"Na mimi nikafanya nini?"

"Ukaitika. Ulisema baadaye kwamba viatu vilikuwa vinakubana, ukataka mambo yaishe."

Panga likaanguka. Esnah akakaa chini kama gunia lililofunguliwa kamba. Machozi ya mtu huyu alikuwa ameshayamaliza, hakujua atoe wapi mengine.

Jethro akanyoosha mkono, akamgusa kichwa. Nywele zilikuwa fupi, za mjane ambaye bado ananyolewa.

"Nani alikunyoa?"

"Wewe," alisema Esnah.

Jethro akaondoa mkono wake kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Ulikuwa wapi, Jethro?"

"Kericho. Nachuma chai ya wazungu kwa jina la Andrew. Koti nililitupa makusudi, askari wabaki wakitazama maji. Nilijua utalia siku mbili tatu, halafu Momanyi atakuambia."

"Aniambie nini?"

Jethro akamkazia macho. Upepo ulipita juu ya migomba, majani yakapigana makofi. Kule upande wa Masimba wingu la alasiri lilikuwa limeshavaa nguo nyeusi.

"Hakukuambia," alisema.

Momanyi ni mdogo wake Jethro, tumbo moja, titi moja. Jethro alikutana naye nyuma ya maduka ya Masimba siku ile ile ya koti. Momanyi akavua shati lake, akampa. Na Jethro akamwagiza maneno machache tu: mwambie Esnah na Mama, wengine waache walie.

Esnah alisikiliza yote hayo huku kichwani mwake likimjia jembe. Jembe la kwanza kaburini hupigwa na mtu wa karibu sana na marehemu, na aliyelipiga alikuwa Momanyi. Alilipiga bila kutetemeka. Tena ndiye aliyemshika Esnah mabega pale alipotaka kujitupa shimoni, akimwambia sikioni, vumilia, shemeji, vumilia. Kumbe wakati wote huo Momanyi alijua kwamba shimoni mna mgomba tu, wala hakuna aliyekufa.

"Wazee wamesema mahindi haya yakiisha kuvunwa, anirithi," alisema Esnah.

Jethro alitaka kujibu, lakini kikohozi kilimwahi. Kilianzia mbali, chini ya mbavu, kikampinda kama upinde. Kilipomwacha, alikuwa amefumba kiganja. Esnah akakishika kiganja kile, akakifunua kidole kimoja kimoja, kama mama anayemnyang'anya mtoto shilingi. Ndani mlikuwa na damu.

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ya Kericho. Tunalala kumi chumba kimoja, aliyeanza kukohoa ameshazikwa huko kwa jina lisilo lake. Mimi nikasema hapana. Kama ni kulala chini, nilale kwetu." Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, namna ile ile iliyomkasirisha DC. "Nafika, nakuta nafasi yangu imeshakaliwa na mgomba."

"Shemeji, uko huko chini?"

Sauti hiyo ilitoka njiani. Esnah hakuwa na haja ya kuuliza ni ya nani.

"Njoo," aliitika kwa utulivu uliomshangaza mwenyewe. "Njoo, Momanyi, nina mgeni wako."

Momanyi aliingia akiinama chini ya majani, mtu mrefu, shati limefungwa mpaka kooni, beji ya chama kifuani. Alimwona kaka yake. Hakupiga kelele, hakurudi nyuma. Aliketi taratibu juu ya shina lililoanguka, akavua kofia, kama mtu aliyekuwa akiingojea siku hiyo na anashukuru kwamba angalau imekuja mchana.

"Umekonda," alisema.

"Maiti hanenepi," alijibu Jethro. "Shati lako lile nimelirudisha. Ndilo hili. Samahani kwa viraka."

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Esnah.

"Shemeji..."

"Usiniite shemeji. Kwa nini?"

Momanyi alikuwa msemaji. Mwaka ule kila kijana wa Kisii alikuwa na neno Uhuru mdomoni kama muwa, lakini Momanyi alijua kulitafuna mpaka utamu utoke. Siku hiyo, hata hivyo, alisema polepole.

"Kwa sababu DC hakuamini. Siku ya mazishi alileta watu wake, wakasimama kule kwenye ua wakikutazama wewe. Hawakuwatazama wazee, hawakunitazama mimi. Wewe. Na ulipolia, wakarudi kumwambia, Bwana, yule mtu amekufa kweli. Ningekuambia, Esnah, ungelia vile?"

Esnah akavuta kwake majani mabichi aliyokuwa amekata kabla ya kumwona mumewe, akayakusanya pajani.

"Toka siku ile kilima hakijasogea," Momanyi aliendelea. "Wapimaji wamekuja na minyororo yao ya kupimia ardhi mara ngapi? Wanawake wanakaa juu ya kaburi wanaimba nyimbo za kanisa mpaka watu wanakunja minyororo wanaondoka. Barua zimefika Nairobi. Kesho anakuja mkubwa wao mwenyewe. Amesema kama mtu huyu alikufa kwa ajili ya kilima hiki, basi DC amevuka mpaka, na kilima kitaachwa mpaka serikali yetu ije iamue. Kesho, Esnah. Baada ya taabu yote hii, ni kesho."

"Kwa hiyo mliazima machozi yangu."

"Ndiyo."

"Na mwisho wa mavuno mngeazima na kitanda changu."

Momanyi aliinamisha kichwa. Hilo hakulijibu, na mimi sitamjibia.

Jethro alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kitu kingine kabisa. Wote wawili wakamshika, huyu huku, yule kule. Alikuwa mwepesi kama tita la kuni kavu.

"Nani anakohoa kama mwanangu?"

Hapo, msomaji, hata migomba ilinyamaza.

Omong'ina Nyanchera, bibi kizee mama yao, alikuwa amesimama kwenye njia, fimbo mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukipapasa shina la mgomba hadi shina jingine. Macho yake yalishika ukungu siku nyingi. Lakini masikio ya Nyanchera yalikuwa yakisikia kuku wa jirani akitaga.

"Ni mimi, Mama," alisema Momanyi haraka. "Mafua."

"Wewe hukuwahi kukohoa. Wewe ulikuwa mtoto wa kuhara." Akaja moja kwa moja mpaka alipo Jethro, akaangusha fimbo, akapiga magoti. Vidole vyake vikapanda usoni: kidevu, kovu la kwenye nyusi, masikio. Vikarudi kwenye kovu.

Mvua ilianza kudondoka tone moja moja juu ya majani.

"Wakati wanauvisha mgomba ile suruali yako," alisema mwishowe, "niliwaambia, jamani, mimi nilizaa mtu, sikuzaa mgomba. Wakasema bibi kizee amechanganyikiwa na msiba."

"Mama, nisamehe."

"Nyamaza. Unakohoa." Akageuza uso kuelekea alikokuwa Momanyi, na Momanyi, mtu mzima mwenye beji, akarudi nyuma. "Aliyezikwa haingii nyumbani mpaka kilichozikwa badala yake kitoke. Kitoke mchana, watu wakiona. Na anayekitoa ni yule aliyepiga jembe la kwanza. Unalijua hilo, Momanyi?"

"Nalijua."

"Basi nenda ukachukue jembe."

"Mama, nikilichimba leo, kesho kilima si chetu. Na huyu wanamtia pingu hapo hapo, akohoe jangwani."

"Na asipoingia nyumbani, alale wapi? Na mvua hii?"

Huo ndio ulikuwa ubaya wa jambo lenyewe: kila mmoja alikuwa na haki yake mkononi, na haki zile hazikutoshea nyumba moja.

Esnah ndiye aliyelikata. Alisimama, akafunga leso yake upya kiunoni.

"Huyo mzungu aje kesho aone kaburi lake aende," alisema. "Leo Jethro atalala kibandani kwangu hapa chini, pale pa kuivishia ndizi. Si nyumbani, kwa hiyo mila haijavunjwa. Gari la mzungu likipinda kona ya Masimba tu, sisi tunambeba kwenye machela mpaka hospitali ya wamisionari, kama Andrew wa Kericho. Akipona, jembe litapigwa na goma litapigwa. Kilima kitasema nini wakati huo, tutajua wakati huo. Ni siku moja. Mama, utaiweza siku moja?"

"Nimemlilia mwaka mzima," alisema Nyanchera. "Siku moja nitaimeza kama dawa."

Momanyi akapumua. Jethro akamtazama mke wake jinsi alivyokuwa akimtazama zamani Esnah alipokosoa hesabu za mwenye duka, kwa fahari na woga kidogo.

"Nataka uji," alisema. "Ule wa wimbi, wenye uchachu. Kericho wanakunywa uji mtamu kama wa wagonjwa."

"Wewe ni mgonjwa."

"Basi niletee nipone."

Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Esnah alicheka. Tumwache acheke. Ameshapata kidogo mno katika hadithi hii.

Maana kule juu ya kilima, kupita kelele za mvua iliyokuwa ikikaribia, kulisikika ngurumo ambayo haikuwa ya radi. Ilikuwa Landrova, inapanda kwa gia ya kwanza. Nyuma yake nyingine.

"Alisema kesho," Momanyi alisema. Uso wake ulikuwa umepauka. "Aliandika kesho."

"DC kamleta leo ili atukute hatujajipanga," alisema Jethro. "Nendeni. Maiti hapokei wageni." Akamsukuma Esnah taratibu. "Nenda. Na ukirudi, njoo na uji."

Walipanda mbio, Esnah mbele amekumbatia majani ya migomba aliyokuwa amekata, hata hakukumbuka kuyatupa, yakawa yanamdondoka njiani moja moja. Momanyi alimshika mama yake mkono.

Uwanja ulikuwa umeshaanza kujaa. Watu wa Nyamotenga walikuwa wamezoea: gari likipanda tu, wanawake huacha vyungu motoni na kuja kukaa kwenye kaburi. Bwana DC alikuwa amesimama kando, mwekundu kama nyanya, soksi zimevutwa mpaka magotini. Yule mkubwa wa Nairobi alikuwa mzee, mrefu, kofia mkononi licha ya mvua. Kati yao alisimama mkalimani, Obadiah Nyamweya wa ofisini Kisii, tai shingoni, ambaye zamani alikaa dawati moja na Jethro na kunakili hesabu zake.

DC hakungoja salamu. Kiswahili chake alikijenga mwenyewe.

"Hii mtu hapana kufa. Hii mtu iko nakimbia. Ndani ya kaburi iko ndizi tu."

"Mgomba, Bwana," alirekebisha Obadiah kwa upole. "Ndizi ni tunda."

"Na sisi hatujaficha," alisema Momanyi. Sauti ya baraza ilikuwa imemrudia. "Mtu wetu alichukuliwa na mto akikimbia amri yako. Mto haukumrudisha. Kwetu asiyerudishwa huzikwa hivyo. Ule mgomba ni yeye."

Mzee wa Nairobi alisikiliza tafsiri, akaitikia kwa kichwa. DC akamwambia jambo kwa Kiingereza, haraka, akionyesha sepetu ndani ya gari. Mzee akamkatiza. Akageuka, akawatafuta kwa macho wanawake waliokuwa wamekaa, akasema polepole kwa Kiingereza.

"Anasema," alitafsiri Obadiah, "hafukui kaburi la mtu yeyote. Hata kama ndani ni mgomba, mradi mtu amekufa, kwake ni kaburi, na kilima kinachodaiwa kwa damu yake kitaachwa. Lakini kama mtu yu hai, basi kila mlichomwandikia ni uongo, na kilima kitachukuliwa juma hili. Hataki kuulizana na wazee wala wanasiasa. Anataka kumsikia mjane."

Watu wakampisha Esnah. Alijikuta amesimama kichwani pa kaburi, jani moja la mgomba limebaki kifuani pake.

"Mama," alisema mzungu mzee kwa Kiswahili cha shida, "mume yako amekufa?"

Na kule chini, migombani, mtu akakohoa.

DC akageuza kichwa kama mbwa aliyesikia paka.

"Nani iko kule?"

Obadiah alikuwa amekigeukia kikohozi kile kabla ya DC. Alikaa dawati moja na mwenye sauti ile miaka mingi.

"Mbuzi, Bwana," alisema Obadiah. "Mvua hii huwaingia kifuani."

Kikohozi kikaja tena, kirefu zaidi. Mbuzi hakohoi vile. Hata mtoto angejua. DC akapiga hatua ya kwanza kuelekea njia ya migombani, na Esnah akafungua mdomo. Nini angesema hajui mpaka leo. Labda angemwita kwa jina.

Lakini Omong'ina Nyanchera alikuwa amemtangulia.

Bibi kizee alitupa fimbo yake, akajitupa juu ya kaburi mzima mzima, akalia. Hakuanza kidogo kidogo kama watu wanavyoanza. Alianza juu kabisa, kilio cha siku ya kwanza, kile kinachofanya ndege waruke mtini. Alimwita Jethro kwa jina la kuzaliwa, akamwita kwa jina la babu yake, akamwambia mwanangu, uliondoka bila kula. Wanawake wa Nyamotenga hawakuuliza analilia nini leo. Mmoja akapokea, kumi wakapokea, na kilima chote kikawa kilio kimoja.

Chini ya kilio hicho mtu angeweza kukohoa mpaka mapafu yatoke, na hakuna mzungu wa kusikia.

DC alisimama. Kwenda mbele ilikuwa kuwakanyaga. Alirudisha mguu.

Esnah alipiga magoti kando ya mama mkwe wake, akamshika mgongo. Alikuwa akitega sikio. Mtu akiwa na mgonjwa wake hupenya kelele zote kumsikia. Alikisikia kikohozi chini kabisa ya kilio, kama jiwe linaloviringika mtoni. Kikaja. Kikaja tena. Mara ya tatu kikakatika katikati.

Alingoja kiendelee, hakikuendelea.

Wanawake mmoja mmoja wakaanza kushusha sauti, wakanyamaza, kama ada. Mvua ilikuwa imeanza kweli. Nyanchera peke yake hakunyamaza. Esnah alimminya bega: basi, Mama, yatosha, hawasikii. Bibi kizee akamgeuzia yale macho yenye ukungu, na Esnah akaona kwamba mama mkwe wake hakuwa akimfunika mtu tena. Masikio yale yalikuwa yamesikia kabla ya yake.

"Mama," alirudia mzungu mzee, na sauti yake ilikuwa ya chini, "mimi nasikitika. Lakini nauliza. Amekufa?"

Esnah aliutazama mji wake. Nyumba, kibanda cha jikoni, moshi unaopenya paa la nyasi. Alitazama majani mabichi yaliyodondoka njiani, yanayong'aa kwa mvua, kwenda chini.

"Amekufa," alisema.

Mzee alivaa kofia yake, akaivua tena. Akasema maneno machache kwa DC, na DC hakuyapenda. Obadiah alitafsiri akiwa anatazama viatu vyake mwenyewe: kilima cha Nyamotenga kimeachwa. Hakuna atakayehamishwa. Shauri litangoja serikali ya wananchi.

Hakuna aliyeshangilia. Watu waliona hiyo ndiyo heshima kwa mjane.

Momanyi alikuja kando yake, macho yanang'aa. Alikuwa bado hajajua.

"Tumeshinda, Esnah. Sasa machela. Upesi."

"Machela ya nini, Momanyi?" alisema.

Momanyi alimtazama. Kisha akamtazama mama yake juu ya udongo, ambaye alikuwa ameacha kulia na sasa anapapasa kaburi polepole, kama mtu anayepima kitanda kama kitamtosha mgeni. Beji ya chama kifuani pa Momanyi ilianza kupanda na kushuka.

"Mzike," alinong'ona Nyanchera, bila kuinua kichwa. "Toa mgomba, umzike mwanangu. Sasa umepiga jembe kwa haki."

Ndipo DC alipogeuka kabla ya kuingia garini. Mtu aliyeshindwa hupenda kuacha kitu nyuma.

"Sawa," alisema. "Kilima yenu. Lakini hii kaburi, mimi naweka askari. Mchana, usiku. Jembe ikigusa hii udongo, mimi najua nyinyi nadanganya, na Nairobi itajua. Mpaka Uhuru yenu ifike."

Landrova moja ikaondoka na wazungu. Nyingine ikabaki. Askari wawili wakashusha hema, wakaligongomea kigingi cha kwanza kule upande wa miguu ya mgomba.

Watu wakatawanyika kuikimbia mvua. Obadiah alikuwa wa mwisho kwenda. Alipita karibu na Esnah, akafungua tai yake, akaikunja, akaitia mfukoni. "Mbuzi wenu," alisema kwa Ekegusii, lugha ya kwao, taratibu sana. "Msimwache kwenye mvua." Akaenda kwa miguu. Garini hakupanda.

Jikoni, uji aliouacha mama mkwe motoni aliposhuka migombani ulikuwa umeanza kufurika. Ulikuwa wa wimbi, wenye uchachu. Esnah aliusikia ukizima moto, wala hakwenda kuuepua.

"Mama," alisema mmoja wa askari, kijana mwenye adabu, anajipangusa uso. "Chini pana matope. Tupate wapi majani ya migomba ya kulalia? Na panga?"

Panga lilikuwa bado kule chini, kando ya Jethro, pale lilipoangukia.

"Aa, nimeona," alisema askari, akayatazama majani mabichi yaliyotandazwa njiani, moja baada ya jingine, hadi migombani. "Nitakata mwenyewe, usijisumbue na msiba wako."

Akaokota la kwanza, akaanza kushuka.